Ubao wa Saba

Nyumba yangu ni paa tupu, haina ukuta wala mlango, na mgeni wangu hapigi hodi. Ni nini? Ni ubao uliolazwa kwenye tope pembezoni mwa kinamasi, ili vyura wajifiche jua chini yake, na kila mwezi wahesabiwe.

Asubuhi hiyo Siwema alikuwa amekwisha kufunua mbao sita, na mwenzake Mwatumu ameandika vyura tisa. Ubao wa saba Siwema aliushika, hakuuinua. Mumewe ndiye aliyeulaza pale, kabla hajavuka maji kwenda kutafuta kazi. Chini yake aliishi chura mwenye doa jeupe mgongoni. "Huyu akiwepo," mume alisema siku ya kuaga, "jua na mimi nipo."

"Shoga, unafunua ubao au unafunua mwali?" Mwatumu akacheka.

"Mwezi wa tatu huu, sijamwona."

"Najua. Na leo pakiwa patupu, wakubwa wetu wa kazi wamesema ubao uondolewe. Haya, funua, jua linapanda."

Siwema akafunua. Chura hakuwepo. Palikuwa na kishimo laini tu, cha ukubwa wa yai, na maji yakiingia ndani yake polepole.

"Niandike hayupo?" Mwatumu aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Andika ametoka."

Siwema akaulaza ubao taratibu, kisha akatafuta kijiwe, akakitia chini yake upande wa majini, pakabaki mlango mdogo.