Jina Alilolitaja Mpelelezi

Kitu cha kwanza alichokigundua Kimya ni haraka. Chai yake ilikuwa bado inafuka moshi, na Mpelelezi alikuwa ameshamtaja mkosaji.

Mpelelezi hakuwa mtu. Ilikuwa programu ya kutafuta makosa, iliyotengenezwa na ofisi yao wenyewe. Programu nyingine ikianguka, huacha faili lenye kila kilichokuwa kichwani mwake wakati inakata roho. Pale ofisini faili hilo waliliita maiti. Mpelelezi huipasua maiti, kisha huunyooshea kidole mstari wa programu ulioua.

Maiti hii ilikuwa kubwa kuliko zote walizowahi kupokea. Jibu lilikuja upesi kama la maiti ndogo.

Hakuna mwingine aliyejali. Programu iliyoanguka ilikuwa ya kupokea simu za kuomba magari ya wagonjwa, na asubuhi nzima watu walipiga bila kupokelewa. Wateja walitaka jina. Jina likapatikana. Mstari ule uliandikwa na mchumba wa Kimya, jina walilozoea kumwitia msichana huyu wa kujaribu programu.

Mchumba alirudishwa nyumbani kusubiri kikao cha Ijumaa. Kila mtu alijua kitakachofuata. Angefukuzwa, na ofisi nyingine yoyote ingelisikia jina lake na kufunga mlango.

Kimya hakulia. Alikaa mezani kwake, akaandika programu ndogo ya kufa. Ndani yake alipanda kosa kwenye mstari anaoujua mwenyewe, akaiua, akampa Mpelelezi maiti. Mpelelezi akapatia. Basi Kimya akaiagiza kompyuta iendelee bila yeye: iishibishe programu data zaidi, iiue, impe Mpelelezi, ilinganishe jibu lake na mstari wa kweli, kisha ianze tena na iliyonona zaidi.

"Wewe Kimya," jirani yake wa meza alimtania, "unafuga au unachinja?"

"Vyote."

Siku ya pili mkuu wa ofisi alikuja kusimama nyuma ya kiti chake. Ndiye aliyemwandika Mpelelezi kwa mkono wake, na alimpenda kama mtoto wa kumzaa.

"Mashine hii inakula nafasi yote. Inatafuta nini?"

"Mahali Mpelelezi anapoanza kusema uongo."

Mkuu akainama, sauti ikalainika. "Binti, najua ni mchumba wako. Uchungu wako nauelewa. Lakini mapenzi si ushahidi."

"Sijataja mapenzi, mkuu."

"Izime."

Kimya alihisi masikio yakimwaka moto. Hakuwa amezoea kutazamwa. Akasogeza kiti pembeni, swichi ikabaki wazi.

"Izime wewe," alisema. "Mbele ya watu wote hawa. Ijumaa wakiuliza nani alizima, wawe na jibu."

Mkono wa mkuu ulinyooka, ukasita, ukarudi mfukoni. Akaondoka bila kuaga.

Nyumbani Kimya alimkuta shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo na ndiye aliyeipokea posa, amekaa jikoni na uso umemvimba.

"Mwanangu, achana naye. Vitu vyao tutawarudishia. Yule ameshaharibikiwa, nani atakulaumu? Mlango uko wazi, toka!"

Kimya alichukua kisu, akaanza kumenya viazi. "Hakuua, shangazi."

"Hivi mpaka lini utajitia kichwa ngumu?"

"Mpaka mashine imalize."

Shangazi akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga. "Kumbe unampenda hivyo! Na mimi nikadhani umekubali kwa kunionea haya tu."

Kimya aliosha kisu. Simu yake iliita juu ya meza. Alikuwa mchumba. Aliiacha iite mpaka ikachoka.

Ijumaa aliingia kikaoni. Aliongea kwa sauti ndogo, mpaka mjumbe mmoja akamwomba arudie. Akarudia. Maiti ndogo zote, Mpelelezi alipatia. Zikishapita ukubwa fulani, alipotewa na hesabu, akarudi kusoma mwanzo bila kujua, na kumkamata yeyote aliyemkuta pale.

"Huenda umechagua zile unazozitaka," mkuu alisema.

"Chagua wewe."

Mkuu akachagua ukubwa. Kompyuta ikainenepesha programu, ikaiua, ikampa Mpelelezi maiti. Mpelelezi hakusita. Aliutia hatiani mstari wa salamu, ule unaomwandikia mtumiaji "Karibu".

Mtu mmoja alicheka, kisha akajizuia. Mkuu alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. Halafu, tusimnyime haki yake, aliketi palepale akaanza kumtibu Mpelelezi wake. Walipompa tena ile maiti kubwa ya kwanza, alihangaika nayo muda mrefu, kisha akataja mstari mwingine kabisa, ulio kwenye sehemu iliyoletwa na wateja wenyewe.

"Mwiteni kijana arudi kazini," mkuu alisema.

Mchumba alifika mbio, shati halijachomekwa. Korido nzima ilimpigia makofi. Shangazi naye alikuwa amekuja, akipiga vigelegele hadi mlinzi akachungulia.

"Wote walinikimbia," mchumba alisema, akimshika Kimya mikono yote miwili. "Ukabaki wewe peke yako! Shangazi anasema tuisogeze harusi iwe mwezi ujao."

Kimya alingoja makofi yaishe. Aliitoa mikono yake taratibu.

"Sikutaki," alimwambia. "Sijawahi kukutaka. Ila nilitaka uachwe kwa sababu ya kweli, si kwa kosa la uongo."