Twiga na Mlima wa Mashariki

Azimio la Kamati ya Mbuga Kuhusu Kiti cha Mtazamaji Mkuu, Kilicho Wazi kwa Sababu za Macho, lilipita bila kupingwa, kwa kuwa mpingaji hakuweza kuona kikao kilipo. Mpingaji huyo alikuwa Twiga, mwenye kiti mwenyewe. Swila alimtemea sumu machoni alipoinama kunywa maji, na dunia ikamzimikia siku ileile. Kiti akapewa Mbuni.

Twiga hakulilia kiti. Alililia mlima wa mashariki, unavyovua mawingu asubuhi, na lile swali la kila mpita njia: "Mzee, waona nini huko?" Sasa walimpita kwa kunyata, kama wapitao penye msiba.

Kifaru, asiyejua kunyata, akamgonga mguu.

"Wewe, huoni?" Twiga akafoka.

"Sioni vizuri tangu nizaliwe, ndugu yangu. Huo mlima wenu mimi nausikia tu. Hivi, ukoje?"

Twiga akainua shingo kuelekea mashariki, akaanza na mawingu.

Mbuni aliripoti kamatini kwamba Twiga ameonekana akitazama bila kibali. Kilichotokea hasa ni kwamba jua lilitua, na Kifaru bado alikuwa anauliza.