Mchuzi Mweupe wa Yani

Bi Mwanamize aliepua mchuzi wa samaki, akautia krimu. Likabaki yai moja la kuufanya mzito. Mchuzi huu mweupe, usio na bizari, alifundishwa na mumewe Yani walipooana, maana ndio uliopikwa kwao, nchi ya baridi. Sasa Yani amesahau karibu kila kitu.

“Kitendawili,” Mwanamize alimwambia, akimwonyesha yai.

Zamani Yani angedakia, “Tega.” Leo aliutazama mchuzi tu.

“Nyumba yangu haina mlango. Haya mzee wangu, hata mtoto anakijua hiki.”

Yani akachota mchuzi, akaonja, uso ukamchangamka. “Huu wa mamangu,” alisema. “Na wewe bibi, umekuja na nani?”

Mwanamize akabaki na yai mkononi, halijavunjwa, huku mchuzi ukipoa.