Nungunungu na Nyumba Isiyovuja Joto

Zamani, kipupwe kilipokuwa kikali kuliko leo, Nungunungu hakukaa akatulia. Hata jani likidondoka, moyo ulimruka. Baridi nayo ilimwingia mifupani, basi akaenda kwa Kigogota, fundi wa mbao, kuagiza nyumba isiyovuja joto hata chembe.

"Kuta nitazichonga karakanani, kisha tuje kuziunganisha kwako kwa asubuhi moja," alisema Kigogota. "Nyumba ikiwa ndogo na haina upenyo, joto la mwili wako litakutosha bila kuni."

"Basi iwe ndogo kabisa!" Nungunungu akabana pumzi, akalaza miiba yake yote. "Nipime hivi hivi."

"Mzee, tuache nafasi kidogo."

"Nafasi ndiyo inayokula joto. Pima, fundi, pima!"

Fundi akapima. Siku ya tatu kuta zikaunganishwa, zikashikana barabara. Nungunungu akaingia, na kabla hajamaliza kushukuru, baridi ilikwisha kumtoka mifupani.

Mara jani likadondoka juu ya paa. Nungunungu akashtuka, miiba ikasimama, ikazama kwenye mbao pande zote. Mbele haendi, nyuma harudi.

"Fundi! Nyumba imenikamata!"

"Tulia, miiba italala yenyewe."

"Nitatuliaje nami nimenaswa?"

Kigogota akashusha pumzi, akaanza kuzifungua kuta moja moja.

"Kipimo ulichonipa ni cha nungunungu mtulivu, mzee," alisema. "Huyo angekuja kukaa humu, ingemwenea."