Jogoo wa Shemeji

Zamani, Lwasi na Mbaka, vyuo viwili vilivyotazamana ng'ambo na ng'ambo ya daraja, vilipomaliza mechi yao ya soka, walioshinda walipikiwa jogoo na walioshindwa, wakawatania mpaka ugali uishe. Siku hizi Mtambo wa Ligi, programu ya kompyuta, ndio unaopanga nani acheze na nani, kwa kufuata idadi ya watazamaji. Lwasi wamepangiwa vyuo vya Lima na Seoul. Mbaka wametupwa kwingine kabisa.

"Wizi wa mchana kweupe! Wametunyang'anya watani wetu!" Sekela, shabiki wa Lwasi, alimfokea bintiye Atupele, kipa hodari, kana kwamba kosa ni lake. "Angalau wewe basi usajiliwe Lwasi."

"Nikamdakie nani, mama? Nilitaka kumfunga mdomo baba mdogo na Mbaka yake. Mbaka hawapo, nitaenda popote Mtambo utakaponipeleka."

Ilipofika siku ambayo zamani Lwasi na Mbaka walicheza, Sekela alichinja jogoo, liwalo na liwe. Akamwita Ambakisye, shemeji yake wa Mbaka, ambaye hakuwahi kukanyaga pale bila kumtania Sekela kwa kumwita kapu la magoli.

Ambakisye alipiga hodi, akavua viatu, akaketi ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Hamjambo, shemeji? Poleni na kazi."

Sekela alingoja atukanwe kama zamani. Alingoja mpaka ugali ukapoa.