Maduara Manne

"Bibi, tazama mwenyewe," mwalimu alisema, akaziweka karatasi mbili za mtihani mezani, ubavu kwa ubavu. "Ukifunika majina, utajua ipi ya nani?"

Bibi alivaa miwani yake. Kila karatasi ilikuwa na maduara manne, na mishale ikitoka duara hili kwenda lile. Duara la mwisho lilizungushiwa mstari wa pili, kama sufuria ndani ya sufuria. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Tofauti hakuiona hata ya dawa.

Mjukuu wake wa kike alisimama nyuma ya kiti, macho sakafuni. Kando yake alisimama kijana ambaye chuo kizima kilimwita Kinyozi, kwa kuwa ndiye aliyewanyoa wenzake bwenini. Karatasi ya pili ilikuwa yake.

"Aliyenakili na aliyenakiliwa, hapa adhabu yao moja," mwalimu akasema. "Wote wawili wanafukuzwa."

"Mwalimu, huyu hakunakili," Kinyozi alisema. "Tulikaa jirani, kweli. Kalamu yake ilianguka, ikabingirika chini ya kiti changu, nikainama nikamwokotea. Basi! Hata kuongea hatukuongea. Haki ya Mungu tena."

Mjukuu alizidi kuinamisha kichwa. Masikio yalimwaka moto. Bibi aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, leo ndiyo mara yake ya kwanza kufika chuoni. Kavaa viatu vyake vya kutokea, kumbe ameitiwa wizi.

"Niadhibu mimi peke yangu, mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Mwache yeye."

"Hebu nyamaza wewe," bibi alimkatiza. "Mtoto huyu haibi hata ukoko jikoni. Mwalimu wangu, mimi shule niliiacha chini kabisa, madarasa ya mwanzo mwanzo huko. Nieleweshe taratibu. Haya maduara ni kitu gani?"

Mwalimu alishusha pumzi. "Somo lenyewe linaitwa otomata, bibi. Hii ni mashine iliyochorwa tu kwenye karatasi. Fikiria mlango wenye vitufe viwili, moja na mbili. Unafunguka mtu akimalizia na moja, mbili, moja. Ukikosea, huna haja ya kuomba radhi. Endelea kubonyeza tu mpaka zifuatane sawasawa. Mlango haukumbuki umepitia wapi, unajua tu umesimama duara gani sasa hivi. Ukiishia kwenye hili lenye mistari miwili, umefungukiwa."

"Kumbe mlango wenyewe hauweki kinyongo," bibi alisema.

Kinyozi akacheka puani. Mjukuu hakucheka.

"Sasa hawa wamekosa jibu?"

"Wamepata, bibi, ndicho kinachonitia shaka. Darasa zima limejaza maduara chungu nzima, hawa wawili tu ndio wana manne." Akachomoa karatasi nyingine kwenye bunda. "Mwone huyu. Saba. Mtu aliyetumia kichwa chake mwenyewe."

"Huyu ndiye aliyekosa?"

"Hapana, mlango wake unafunguka vilevile. Kaunenepesha tu. Duara hili na hili, kwa mfano, kazi yao moja. Bonyeza chochote kuanzia hapa, majibu yao hayatapishana kamwe. Angeweza kuyaunganisha." Akayaunganisha kwa kalamu nyekundu, apate kumwonyesha.

"Na haya mawili?"

"Na hayo pia."

"Na lile la pembeni?"

Kalamu nyekundu ilipunguza mwendo. Mwalimu aliliunganisha la pembeni, akafuta mshale mmoja, akatazama. Yalibaki maduara manne. Akachomoa karatasi ya mwingine, aliyechora maduara kama mapovu ya sabuni, akaanza kuyaunganisha bila kuulizwa. Nayo ikaishia palepale. Manne, na mishale ileile.



"Ukipunguza mpaka pasiwe na cha kupunguza," alisema polepole, kama mtu anayejisomea, "mashine inayobaki ni moja tu. Kila atakayefika mwisho atafika hapahapa, hata kama hawajuani." Akaiweka kalamu chini. "Nimelifundisha hili mwenyewe, kwa mdomo wangu. Halafu nimewaita wezi."

Alisimama, akaizunguka meza, akamshika bibi mikono yote miwili. "Bibi, nimekuaibisha bure. Nisamehe. Niliwatuhumu mbele ya darasa, na mbele ya darasa hilohilo nitawaomba radhi."

"Yamekwisha, mwanangu. Nani asiyepitiwa?"

"Si nilisema!" Kinyozi alipiga makofi. "Dada, pumua sasa, utatufia hapa."

Nje, kwenye ngazi, kijana aliaga. "Bibi, usimwone mpole, mjukuu wako ana kichwa. Mimi yale manne yalinitoa kamasi, nilikaribia kurudisha karatasi tupu." Akashuka akipiga mluzi, akapotea kwenye kona.

Bibi alimshika mjukuu wake mkono, wakaanza kushuka, ngazi moja moja kwa sababu ya magoti. Katikati akasimama, akamtazama usoni.

"Haya, inua uso. Umesafishwa, umeombwa radhi. Mbona bado unatazama chini kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka?"

Mjukuu alimvuta bibi kando ya ngazi.

"Bibi, ile kalamu haikuanguka. Niliiangusha mimi, ili ainame, niione karatasi yake."