Vichwa vya Jumamosi

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, mwalimu mkuu mstaafu alichuchumaa ukingoni mwa bwawa na kumlowesha majini samaki aliyekwisha kufa. Alimgeuza upande huu, akamgeuza upande ule, akampaka tope kidogo mkiani ili apate sura ya samaki aliyetoka kupigania roho yake. Kisha alimtia kwenye ndoo, akaokota mshipi wake mkavu, akarudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyechoka.

Samaki mwenyewe alimnunua kwa mama mmoja mwenye kibanda nyuma ya kituo cha mabasi.

"Huyu si wa wavu," mama yule alimwambia kila mara. "Huyu wa ndoana. Nina mtu wangu."

"Mtu wako nani?"

"Mwalimu, unataka samaki au unataka ukoo wake?"

Ukweli ni kwamba tangu ajiunge na chama cha wavuvi wa kujifurahisha, hakuwa amevua hata kidagaa. Lakini angesema nini? Mke wake alipoomba waende wote, siku ile ya kwanza, alimjibu mbele ya shemeji zake kwamba uvuvi unataka subira na akili, na kwamba yeye angewafukuza samaki kwa maneno. Mtu akishasema hivyo hawezi tena kurudi na ndoo tupu.

Mke hakubishana. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kazi zilimjaa. Jumamosi alidamka mapema kuliko mumewe, akaenda kumwona dada yake anayeumwa mgongo, akarudi mchana amechomwa na jua na kuingia jikoni. Samaki alipofika mezani alimkagua kwanza, kisha akacheka mpaka akafuta machozi.

"Baba watoto, wewe kiboko. Huyu alikusumbua, eti?"

"Tulivutana nusu saa nzima!"

"Nusu saa!" mke alirudia, na kicheko kikaanza upya. Mwalimu alijua ni fahari tu ya mke kwa mumewe.

Mambo yangeishia mezani kama si kituo cha utafiti wa samaki kilichokuwa kikishirikiana na chama. Watafiti waliwaomba wanachama kwamba nyama waile kwa amani, ila kichwa, mifupa na utumbo wavitie kwenye mfuko na kuvipeleka kituoni pamoja na kadi: samaki amevuliwa lini, wapi, kwa chambo gani. Ndani ya kichwa cha samaki mna vijiwe vyenye duara nyembamba, na ukizihesabu unajua umri wake. Ukipata vichwa vya kutosha unajua kama bwawa ni zima au linakwisha. Mwalimu alijaza kadi zake kwa mwandiko wa ubaoni: chini ya daraja, saa kumi na mbili asubuhi, mnyoo.

Aliendelea hivyo mwaka mzima, hadi alipopigiwa simu.

"Mwalimu, kesho tafadhali fika ofisini. Kuna jambo kuhusu sampuli zako."

Kanuni aliijua: atakayebainika kudanganya kwenye kadi, jina lake litasomwa mbele ya mkutano wa chama. Jina lake yeye, aliyewasimamisha watoto mstarini miaka thelathini kwa kunakili hesabu za wenzao!

Asubuhi alivaa shati jeupe la mikutano. Kifungo cha tatu, kilichokuwa kimedondoka, kilikuwa kimerudishwa kwa uzi wa kijani.

"Mama watoto, shati jeupe, uzi wa kijani?"

"Ndio uzi imara kuliko wote humu ndani," mke alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Huo haukatiki, avute nani avute."

Mtafiti alikuwa binti mdogo aliyevaa koti jeupe, na alifunga mlango kabla ya kusema neno. Hilo lilimtisha mwalimu kuliko vichwa vyote vilivyopangwa kwenye trei.

"Mwalimu, nitakwambia wazi. Chama chenu kimetutia aibu."

"Binti yangu, nisikilize kwanza..."

"Wanachama ishirini na wawili, na karibu samaki wao wote wana alama za wavu kwenye mashavu. Wanawanunua sokoni! Mpaka Mwenyekiti!"

Mwalimu, aliyekuwa amefungua kinywa kuungama, alikifunga.

"Wa kwako tu ndio wa ndoana. Kila mmoja, Jumamosi kwa Jumamosi. Kama si wewe, kazi yetu ya mwaka ingekwenda na maji."

Roho ilimrudi. Alikaa wima, akakohoa kidogo, akaanza kumweleza binti yule kwamba uvuvi unataka subira na akili.

"Ndiyo maana nimekuita," mtafiti alisema, akamsogezea kisahani chenye ndoana tatu ndogo. "Hizi tumezitoa kooni mwa samaki wako. Nimewaonyesha wavuvi wote ninaowajua, na hakuna aliyewahi kuona fundo kama hili, wala ndoana iliyofungwa kwa uzi wa kushonea nguo. Nani alikufundisha?"

Mwalimu mkuu alivaa miwani, akainamia kisahani. Uzi ulikuwa wa kijani, umezungushwa mara nne na kukazwa kwa fundo dogo la pembeni. Kisha, taratibu, alishusha kidevu akatazama kifungo cha tatu cha shati lake.